Rafiki wa Zamu ya Usiku

Leo nimewaletea riwaya ya Kimarekani iitwayo Remarkably Bright Creatures, yaani viumbe wenye akili za ajabu. Mwandishi wake ni Shelby Van Pelt, mwanamke aliyekulia Tacoma, katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Ilitoka mwaka 2022. Ni riwaya yake ya kwanza, na tayari zimeuzwa zaidi ya nakala milioni moja. Inasimulia urafiki wa mama mjane na pweza. Naam, pweza. Nawaomba msibadilishe stesheni kwa kusikia hivyo, kwa sababu chini ya urafiki huo kuna swali ambalo kila nyumba italikuta siku moja: wazikaji wakishaondoka, aliyefiwa anabaki na nani?

Mama mwenyewe anaitwa Tova Sullivan. Mimi nitamwita Bi Tova, kwa kuwa ana miaka 70 na anastahili heshima hiyo. Anaishi Sowell Bay, mji mdogo wa kubuni uliowekwa kando ya Puget Sound, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya jimbo la Washington na kulipitia jiji la Seattle. Nyumba anayokaa ilijengwa na baba yake, mhamiaji kutoka Sweden. Mumewe, Will, alikufa kwa saratani ya kongosho miaka michache kabla ya hadithi kuanza. Kisha, kurasa za mwanzo tu, inakuja habari kwamba ndugu yake Lars amefia katika nyumba ya kutunzia wazee. Hawakuwa wakitembeleana tena, na sasa hakuna wa kutembelewa.

Lakini msiba uliomkaa Bi Tova moyoni ni wa kabla ya hiyo yote. Miaka 30 iliyopita, mwanawe wa pekee, Erik, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na kibarua cha kuuza tiketi kwenye gati la feri, alipotea usiku mmoja baharini. Mwili wake haukupatikana. Polisi walihitimisha kwamba kijana amejiua. Mama yake hakukubali. Hakupiga kelele, hakugombana na mtu, ila hakukubali, na kutokubali huko ameishi nako miaka 30.

Basi Bi Tova anafanya nini na huzuni hiyo? Anapiga deki. Kila jioni, mjini kwake, anaingia katika jumba la maonyesho ya viumbe wa baharini baada ya wageni kutoka. Anafuta alama za vidole vya watoto kwenye vioo vya matangi, anamwaga taka, anasugua sakafu mpaka inang'aa. Si kwa sababu ya shida ya pesa. Anafanya kwa sababu mikono ikiwa na kazi, moyo unapata pa kushika. Wengi wetu tunawajua akina mama wa namna hii. Ukimkuta siku ya pili ya msiba anaosha sufuria ambazo hakuna aliyemwambia azioshe, unamwambia, "Mama, pumzika," naye anakuangalia kama hakusikii. Mwandishi amemwelewa mama huyo. Hamwambii apumzike.

Usiku mmoja Bi Tova anaingia katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi na kukuta kiumbe kimenaswa katika nyaya za umeme chini ya meza. Ni pweza mkubwa, aliyetoroka tangini kutafuta mabaki ya chakula yaliyoachwa mezani. Mbali na maji, pweza hana muda mrefu. Bi Tova anapiga magoti, anazifungua nyaya moja moja, na yule mnyama, badala ya kukimbia, anamzungushia mnyiri mkononi, anamshika, kisha anamwachia na kujivuta kurudi kwake. Mkononi mwa mama zinabaki alama za mviringo za vinyonyeo vyake. Siku za mbele watu watamwuliza alama hizo ni za nini. Yeye anazitazama na kuona kwamba, baada ya muda mrefu sana, kuna aliyemshika.

Pweza huyo anaitwa Marcellus, na humo kitabuni anasema mwenyewe. Sura nyingine zote zinasimuliwa na mwandishi, lakini zake anazisimulia yeye, na kila moja inaanza kwa hesabu ya siku. Tunapokutana naye, yuko katika siku ya 1,299 ya kifungo chake. Anajua kwamba pweza wa aina yake huishi kama miaka minne, yaani siku 1,460. Kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza tunajua mmoja wa marafiki hawa wawili atakufa, na yeye mwenyewe anajua. Usiku anafungua kifuniko, anapita matangi ya jirani, anaokota vitu vilivyoangushwa na wageni na kuvificha. Mchana anawatazama watu kupitia kioo na kuwasoma: nani ndugu wa nani, nani anamficha nani jambo.

Msikilizaji anaweza kusema kwamba hayo ni chumvi ya hadithi. Kusimulia kwa Kiingereza safi, kweli, ni chumvi. Lakini mengine yana msingi. Pweza mkubwa wa Pasifiki ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa kuwa kinachobeba oksijeni katika damu yake ni shaba na siyo chuma kama yetu. Sehemu kubwa ya neva zake imo ndani ya minyiri, hata kila mnyiri unaweza kupapasa na kuamua mambo kwa sehemu yake. Mwaka 2016, kule Napier, New Zealand, pweza mmoja aliyeitwa Inky alipenya mwanya wa tangi lake usiku, akatambaa sakafuni, akajiingiza kwenye bomba la kutolea maji na kurudi baharini.

Na kuna utafiti mmoja ambao mimi naupenda kuliko hayo yote. Ulifanyika kwenye jumba la viumbe wa baharini la Seattle, kando ya maji yaleyale ya Puget Sound, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010. Watu wawili waliovaa sare zinazofanana walikuwa wakiwaendea pweza wanane. Mmoja alikuwa akiwalisha, mwingine akiwagusa kwa fimbo yenye nywele ngumu zinazokera. Baada ya wiki mbili pweza wale walikuwa wakimtambua kila mmoja kwa kumwona tu. Mlishaji wakimsogelea, msumbufu wakimkimbia. Kwa hiyo Van Pelt anapoandika kwamba Marcellus anamtofautisha Bi Tova na watu wengine wote wanaopita mbele ya kioo, hajatoka mbali na ukweli. Pweza anamjua aliyemtendea wema.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki pweza tunamjua zaidi kwenye chungu na kwenye supu. Wanawake wa Unguja na Pemba huingia miambani maji yakitoka, fimbo mkononi, wakichungulia tundu kwa tundu, na jioni wanarudi na kitoweo na cha kuuza. Hao nao wanamjua pweza kwa akili zake, maana anayemtafuta kiumbe kwa riziki hulazimika kumsoma. Mvuvi wa kike wa Jambiani, kule Unguja, angekisoma kitabu hiki, nadhani angetikisa kichwa mara nyingi kwa kukubali.

Sasa niingie kwenye lile lililonifanya nikichague kitabu hiki. Bi Tova hakukosa watu. Ana marafiki wa miaka mingi, akina mama wanaokutana kwa ajili ya kufuma na kula pamoja. Hapo zamani walikuwa saba, wamebaki wanne, na wanapendana. Yupo Ethan, mwenye duka la vyakula, Mskoti mwenye moyo mweupe, anayeweka kahawa ya moto tayari akitumaini Bi Tova atapita. Wote wanamtakia heri. Lakini mazungumzo ya wale rafiki zake ni ya watoto na wajukuu, na kila picha ya mjukuu inayozungushwa mezani inapita mbele ya mama asiye na picha ya kuzungusha. Hawamkusudii ubaya. Ni maisha yao, wayazungumze wapi? Na Bi Tova anaitikia, anatabasamu, anahesabu mishono yake.

Marcellus hana picha za wajukuu. Hamwulizi Bi Tova kama amepata nafuu. Hamwambii kwamba wakati ni dawa, hamwambii kwamba Mungu ana makusudi yake, hamwambii ajikaze. Anakaa upande wake wa kioo, mama upande wake, na mama anazungumza huku akifuta. Mambo ambayo hakuwahi kuwaambia watu wa mji mzima anamwambia pweza. Kisha kuna jambo la pili, kubwa zaidi kwangu: mama anajua siri yake. Anajua kwamba Marcellus anatoroka usiku, na akimsema atafungiwa. Anakaa kimya. Ghafla yupo kiumbe ambaye usalama wake uko mikononi mwa Bi Tova. Kwa miaka kadhaa watu wamekuwa wakifikiria namna ya kumtunza yeye. Sasa kuna wa kutunzwa naye.

Hilo ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo. Aliyefiwa tunamzunguka kwa maneno na kwa sahani za chakula, na ni vyema, lakini tunasahau kwamba amepoteza pia mtu wa kumhudumia. Mama aliyemwuguza mume miaka miwili, siku ya mazishi amepoteza mume na kazi ya kuamka saa kumi alfajiri kumpa dawa. Mikono yake imebaki mitupu. Ukimwambia akae kitako apumzike, unamwongezea utupu. Faraja nyingine humfikia mtu pale anapohitajiwa.

Kuna profesa mstaafu wa Marekani, Pauline Boss wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye tangu miaka ya 1970 ameshughulika na watu wenye msiba kama wa Bi Tova. Alianza na familia za marubani wa kivita waliopotea katika vita vya Vietnam. Wake zao hawakujua kama wao ni wajane au ni wake wa mateka. Aligundua kwamba msiba usio na mwili una uzito wake wa peke yake. Hauna siku ya kuanza, hauna kaburi la kwenda kupalilia, na watu hawajui wakupe pole au wakupe matumaini. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 alikwenda New York kukaa na familia za wafanyakazi waliopotelea katika yale majengo. Alichokuwa akiwaambia, kwa ufupi, ni kwamba moyo unaweza kubeba mambo mawili kwa pamoja: pengine amekufa, pengine yupo, ameondoka, na bado ni wangu. Anayemlazimisha aliyepotelewa achague moja anamtesa. Na aliandika kitabu kizima kueleza kwamba ile hamu yetu ya kuufunga msiba kabisa, uishe, ni ndoto.

Sisi tunaijua hali hiyo. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyosheheni watu kupita kiasi, ilizama ikiwa njiani kutoka Unguja kwenda Pemba. Waliopotea walikuwa wengi kuliko miili iliyoopolewa. Katika nyumba nyingi za Pemba ilisaliwa sala ya ghaibu, ile ya marehemu ambaye mwili wake haupo, na watu wakajifunza kuishi bila kaburi. Miaka 15 kabla ya hapo, tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu kabisa na Mwanza, na wengi wa marehemu wakazikwa pamoja Igoma. Wapo waliokwenda Igoma wakijua ndugu yao amelala pale. Wapo waliokwenda wakiomba tu kwamba awe amelala pale. Msikilizaji uliye mmoja wa hao, ukikisoma kitabu hiki utamkuta Bi Tova akikaa gatini akiyaangalia maji, na hutahitaji kuelezwa anachotafuta.

Mila zetu zimetupa vyombo vizuri vya kubebea msiba. Tuna matanga, tuna hitima, tuna arobaini, tuna mikesha na misa za kumbukumbu. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi, ambamo jamii nzima inajua yuko katika hali gani na namna ya kumwendea. Majirani wanapika, vijana wanachimba kaburi, michango inapita, watoto wanachukuliwa na shangazi. Nimesoma habari za watu wa nchi nyingine wanaopewa siku chache za likizo kazini na kuachiwa waendelee wenyewe, na nimeshukuru kuzaliwa mahali ambapo mfiwa halali peke yake usiku wa kwanza.

Lakini tuseme ukweli. Matanga yana siku ya kuanuliwa. Maturubai yanakunjwa, viti vya kukodi vinarudishwa, simu zinapungua. Wiki ya tatu hakuna anayepiga hodi. Ikifika mwezi wa nne, ukimtaja marehemu watu wanabadilisha mazungumzo, wakidhani wanakusaidia. Shaaban Robert hakufanya hivyo. Alipofiwa na mkewe alimwandikia shairi na kuliita kwa jina lake, Amina, na mpaka leo watoto wa shule wanalitamka jina la mama huyo darasani. Jina la marehemu halimwumizi mfiwa kama tunavyodhani. Kinachomwumiza ni kuona yeye peke yake ndiye anayelikumbuka. Katika riwaya hii, kila mara mtu anapothubutu kuzungumza juu ya Erik, hata kwa habari ndogo tu ya ujana wake, Bi Tova anaipokea kwa mikono miwili.

Nisisahau kijana wa kitabu. Anaitwa Cameron, ana miaka 30, ametoka Modesto, California. Mama yake alimwacha akiwa na miaka tisa, akalelewa na ndugu wa mama yake aitwaye Jeanne. Hadumu kwenye kazi, hadumu kwenye mapenzi, na kila kosa analipatia mtu wa kulibeba. Anafika Sowell Bay akimtafuta baba asiyemjua, na Bi Tova anapoumia mguu, kijana huyu ndiye anayepewa kazi yake ya kusafisha. Msomaji anamchoka haraka. Bi Tova hamchoki. Anachechemea kwenda kumwonyesha kioo kinafutwaje kisibaki na michirizi, na pembe za chumba zinapigwaje deki. Hamhubirii. Anamfundisha kazi, anasimama karibu naye, anamtarajia afike kwa wakati. Kijana ambaye hajawahi kutarajiwa na mtu anaanza kufika kwa wakati. Nimelipenda hili kwa sababu linaonyesha kwamba mpokeaji na mtoaji wa faraja hubadilishana zamu. Mama aliyefiwa na mwana anamwinua kijana asiye na mama, na hakuna kati yao anayejua kwamba anainuliwa.

Wapo watakaosoma na kusema kwamba mambo yamekutana mno, kwamba katika maisha watu na vitu havipatani kwa bahati kiasi hicho. Nakubali kwamba mwandishi amevuta nyuzi zikakutana. Mwisho wa kitabu swali la Bi Tova la miaka 30 linapata jibu, na pweza ndiye anayelileta. Sitawaambia ni jibu gani. Lakini msomaji makini ataona jambo moja. Jibu linapofika, Bi Tova alikuwa ameshaanza kupona. Alianza usiku ule alipopiga magoti chini ya meza kuzifungua nyaya, akiwa bado hajui chochote kipya juu ya mwanawe. Ukiliondoa jibu kitabuni, bado mama huyu angekuwa amerudi kwenye maisha. Hapo ndipo hadithi hii inawafaa hata wale ambao hawatapata jibu kamwe: wa Spice Islander, wa Bukoba, na wa kila mtu aliyeaga asubuhi na hakurudi. Kama kupona kungekuwa kunangoja ukweli wote ujulikane, wengi wetu tungekufa tukingoja. Mwenzi hangoji. Anaweza kuja kesho.

Kuna tukio moja nitalieleza, na asiyetaka kulijua kabla ya kusoma azibe masikio kidogo. Siku za Marcellus zinakaribia kwisha. Bi Tova anaona rangi yake inavyofifia. Katikati ya kitabu mama huyu alikuwa ameamua kuiuza nyumba ya baba yake na kwenda kuishi katika nyumba ya wazee, kwa kuwa hana mtoto wa kumtunza na hataki kuwa mzigo kwa mtu. Alikuwa anajipanga kuondoka kimya, bila kumsumbua yeyote. Lakini kwa ajili ya pweza anavunja sheria za kazini. Anamweka ndani ya ndoo yake ya kupigia deki, ndoo ileile, anaisukuma usiku mpaka gatini, na anamrudisha baharini akafie kwao.

Bahari ileile iliyomchukua Erik. Safari hii Bi Tova yupo. Anamwona anayeondoka, anamshika, anamwambia kwaheri, anamwachia kwa hiari yake. Mwanawe hakumuaga. Ndugu yake hakumuaga. Pweza alimuaga. Nilipofika hapo nilielewa kwa nini mwandishi alichagua mnyama mwenye maisha mafupi namna hii. Alitaka mama huyu apewe kifo kimoja anachoweza kusindikiza mwanzo mpaka mwisho. Miaka 30 mikono yake ilikuwa na deni la kuaga, na usiku ule ililipa.

Ndiyo maana nasema kitabu hiki ni cha kutia moyo bila kudanganya. Hakimrudishi Erik. Hakimfanyi Bi Tova asahau. Marcellus anakufa kama alivyotuambia mwanzoni kwamba atakufa. Kilichobadilika ni kwamba mama hayuko peke yake tena, na mwenye nyumba tupu amepata sababu ya kubaki mjini kwake. Na ile sifa ya akili za ajabu iliyowekwa kwenye jina la kitabu, ukifika kurasa za mwisho utaona haikuwa ya pweza peke yake. Hata binadamu, kwa siku fulani fulani, anaistahili.

Sasa wasikilizaji, nina maombi mawili, na nitayasema wazi.

La kwanza ni kwako uliyefiwa. Usione haya ikiwa faraja yako imetoka mahali ambapo watu hawakutarajia. Kama ni paka wa jirani anayekuja barazani jioni, kama ni bustani ya mchicha, kama ni mtoto wa mpangaji unayemsaidia hesabu, ipokee. Haimdharau marehemu. Hakuna aliyeandika kwamba wa kukufariji lazima awe wa ukoo, wa rika lako, wala wa dini yako. Na ukiona bado mikono yako inatafuta kazi, ipe kazi. Kumlilia mtu na kuamka kufanya kazi vinaweza kukaa katika siku moja.

La pili ni kwetu sisi majirani. Tazama mtaani kwako. Yupo aliyefiwa mwaka jana, si wiki iliyopita. Huyo ndiye wa kumwendea. Usiende na hotuba. Nenda na shida yako ndogo: nisaidie kukuna nazi, nifundishe kusuka mkeka, nishikie mtoto nifike dukani, njoo unionyeshe ulivyokuwa ukipika mchuzi ule aliokuwa akiupenda marehemu. Mtaje marehemu kwa jina lake. Akilia, mwache alie, usikimbilie kumnyamazisha. Akicheka, cheka naye. Kisha umwambie ukweli ambao Bi Tova alihitaji kuusikia kuliko pole zote alizopewa, kwamba Jumamosi ijayo pia unamhitaji, na umngojee kweli Jumamosi hiyo.

Kama umekisoma kitabu hiki, au unacho kingine kilichokushika mkono wakati wa msiba, tuandikie utuambie. Tutavizungumzia hapa hapa.